Utando Mweusi: Kusafisha Reli za Treni Ndogo za Milimita 9

Mwanaidi: Karibuni tena. Leo ni uchafu tu, hakuna kingine. Una treni ndogo ya skeli ya N, upana kati ya reli milimita 9. Jana ilikwenda vizuri, leo inasita, inashtuka, inazima. Ukiisukuma kwa kidole inaondoka. Watu wengi hapo hukimbilia msasa.

Baraka: Na ndipo wanapoharibu. Kabla ya kushika chochote, angalia treni inasimama wapi. Vichwa vyote vya treni vikisimama palepale kila mzunguko, tatizo ni la mahali hapo: kiungo kimelegea, waya umeachia, au kuna gundi juu ya reli. Kikisita kichwa kimoja tu, mara konani, mara kituoni, magurudumu yake ndiyo machafu.

Mwanaidi: Na kama ni vichwa vyote, kila mahali?

Baraka: Huo ni utando mweusi. Funga kitambaa cheupe kidoleni, pitisha juu ya reli sentimita 30 tu. Utakiona chenyewe kitambaa.

Mwanaidi: Wengi husema ni vumbi.

Baraka: Vumbi limo, lakini si peke yake. Kuna mafuta yanayotoka kwenye gia, hasa kama mtu ametia mengi. Kuna chembe za plastiki za magurudumu ya mabehewa. Halafu kuna cheche, na hizo ndizo mama wa matatizo. Gurudumu ndilo linalochukua umeme kutoka kwenye reli, na linaigusa mahali padogo sana. Likiinuka hata kidogo, umeme unaruka lile pengo, cheche inachoma mafuta na vumbi, inaacha masizi na oksidi. Masizi yakizidi, mguso unapungua. Mguso ukipungua, cheche zinazidi. Ndiyo maana njia inakaa sawa muda mrefu, kisha inaharibika kama ghafla.

Mwanaidi: Na kichwa cha N ni chepesi, mara nyingi hakifiki gramu 100. Hakina uzito wa kuukanyaga utando mpaka chuma kikutane na chuma.

Baraka: Ndiyo. Sasa leta msasa. Unang'arisha, treni inakwenda, unafurahi. Lakini umechora mifereji midogo juu ya reli, na masizi yanapenda mifereji. Uchafu utarudi haraka kuliko mwanzo. Hata kile kifutio kigumu chenye chembe za kusugulia, kiweke kwa reli iliyokaa miaka bila kutumika, si kwa usafi wa kawaida.

Mwanaidi: Stilwaya?

Baraka: Hapana, hata siku moja. Nyuzi zake zinakatika, zinavutwa na sumaku ya mota, zinaingia ndani ya kichwa. Nyingine zinalala kwenye swichi za reli, pale njia inapogawanyika, na kupiga shoti.

Mwanaidi: Neno moja kuhusu chuma chenyewe. Reli nyingi za sasa ni za nikeli silva, ambayo ndani yake hakuna fedha: ni shaba, nikeli na zinki. Zile za zamani za rangi ya manjano ni brasi, na oksidi yake inazuia umeme vibaya zaidi. Mwenye brasi ajue atasafisha mara nyingi. Haya, tusafishe.

Baraka: Zima umeme, ondoa treni. Anza na vumbi, maana ukilowanisha vumbi umetengeneza tope. Tumia brashi laini na mashine ya kunyonya vumbi, mdomo wake umevishwa soksi ya nailoni ili kokoto na vitu vidogo visimezwe. Kisha chukua kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kifunge kwenye kibao chenye upana wa kufunika reli zote mbili. Kidondoshee dawa kidogo. Kiwe na unyevu, kisichuruzike. Piga kama mita 1, geuza upande safi, endelea.

Mwanaidi: Hapo kwenye kugeuza ndipo uvivu unapoingia. Kitambaa kikishakuwa cheusi husafishi tena, unahamisha uchafu kutoka mita hii kwenda ile.

Baraka: Na usisahau kona ya juu ya reli, upande wa ndani. Gurudumu linapita pale pia, na kibao hakiigusi. Iendee kwa kijiti cha pamba.

Mwanaidi: Sasa ubishi wenyewe. Dawa gani?

Baraka: Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi mno.

Mwanaidi: Kuna wanaomalizia kwa waiti spiriti, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta. Wanadai vimiminika vya jamii ya alkoholi vinaacha hali inayochochea cheche, na waiti spiriti haifanyi hivyo.

Baraka: Nimeisikia hoja hiyo. Alkoholi inakauka yote, kwa hiyo sijashawishika na maelezo yake. Ila waiti spiriti inayeyusha mafuta na grisi vizuri, hilo silipingi. Nadhani kinachosaidia zaidi ni kupitisha kitambaa kikavu mwishoni, dawa yoyote uliyotumia.

Mwanaidi: Mimi namalizia kwa waiti spiriti, na kitambaa kikavu pia. Tukubaliane tu kwamba zote mbili zinashika moto: dirisha wazi, umeme umezimwa mpaka pakauke. Na asetoni isikaribie, itayeyusha mataruma ya plastiki.

Baraka: Baada ya hapo, magurudumu, siku ileile. Ukisafisha reli ukaacha magurudumu, mizunguko michache tu utando umerudi.

Mwanaidi: Kichwa unakisafishaje bila kukifungua?

Baraka: Laza karatasi ya jikoni juu ya reli, ilowanishe kwa alkoholi. Weka magurudumu ya mbele juu ya karatasi, ya nyuma yabaki kwenye reli kavu yachukue umeme. Shika kichwa kwa vidole, washa nusu ya mwendo. Magurudumu yanazunguka papo hapo na kuchora mistari miwili myeusi. Sogeza karatasi kila mistari inapokolea, mpaka isitoke tena. Kisha geuza kichwa, fanya upande wa pili. Gurudumu lenye mpira wa kukamatia lisilowe muda mrefu, futa tu.

Mwanaidi: Mabehewa?

Baraka: Yasugue kwa kijiti cha pamba, na yale ya plastiki badilisha uweke ya chuma. Fedha ya kununulia dawa za ajabu ajabu afadhali iende huko.

Mwanaidi: Swichi zina kona yake. Pale ulimi unapoegemea reli, ingiza kipande cha karatasi ngumu chenye alkoholi kidogo, bana ulimi, vuta. Usimwage dawa, inashuka kwenye mota iliyo chini.

Baraka: Na kama kila kitu ni safi lakini upande wa mbali treni bado inazubaa, acha kusugua. Chukua mita ya umeme, pima volti huku treni ikitembea. Karibu na chanzo ikisoma 12 na mbali ikisoma 10, umeme unapotea kwenye viungo. Lehemu waya wa kulisha kila kipande cha reli, usitegemee viungo.

Mwanaidi: Penseli je?

Baraka: Ya 4B inasaidia. Pitisha mara moja, kwa wepesi, kwenye kona ya ndani ya reli. Ukizidisha, treni itateleza kwenye mwinuko. Na usivuke mapengo ya kutenganisha umeme, kwa sababu grafiti inapitisha umeme.

Mwanaidi: La mwisho, gundi ya kubandikia kokoto za njia. Ifute juu ya reli kabla haijakauka. Ikishakauka?

Baraka: Kama ni gundi nyeupe ya mbao, weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu juu yake dakika chache, kisha ikwangue kwa kijiti cha mbao. Usitumie kisu.