Blanketi Huingia Pasipoingia Mgeni

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili, Columbus, Ohio, na kuandikwa kama ulivyosemwa)

Assalamu alaikum. Na mlio wakubwa kwangu, shikamooni. Ahsanteni, marahaba yenu nimeisikia mpaka ya kule nyuma.

Nimepewa dakika ishirini na mwenyekiti ameshanionyesha saa yake. Mimi si daktari. Mimi ni fundi cherehani, kazi niliyojifunza Mombasa barazani kwa mjomba wangu, nikianza na kutia vifungo na kuchochea pasi ya makaa. Nimeshona kanzu, suruali na sare za shule mpaka macho yakachoka. Kwa hiyo nikisema neno juu ya damu au saratani, jueni nimelipata kwa wauguzi na kwa wazazi waliopitia. Nikisema neno juu ya mshono, hapo niaminini mimi mwenyewe.

Nianze na aibu yetu. Baadhi yenu mlikuwapo siku ile. Mtoto wa mwenzetu alilazwa na saratani ya damu, hajatimiza hata miaka mitano. Habari ikazunguka kwenye WhatsApp baada ya sala ya Ijumaa, nasi tukafanya tunachojua kufanya. Tukapika. Tukaenda watu ishirini na kitu, na sufuria mbili za pilau, na chupa za chai ya tangawizi, na watoto wetu mikononi. Muuguzi akatusimamisha mlangoni. Waingie wawili tu, wawe watu wazima, na mwenye mafua asisogee kabisa. Maua aliyoyaleta mama mmoja yakabaki mezani huko nje. Tukarudi kwenye magari tunanung'unika: watu gani hawa, mgonjwa anafichwa kama mdaiwa! Aliyenung'unika kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye huyu anayezungumza nanyi sasa.

Na kosa lilikuwa letu. Dawa za kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, zinawinda seli zinazozaliana upesi. Saratani inazaliana upesi, lakini pia nywele, na utando wa mdomoni, na chembechembe za damu zinazotengenezwa ndani ya mifupa. Ndiyo maana nywele zinapukutika, mdomo unatoka vidonda, na seli nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu, zinashuka mpaka mwili unabaki karibu bila kinga. Mafua ambayo kwako wewe ni kitambaa cha pua na siku tatu za kukohoa, kwa mtoto yule yanaweza kuwa safari ya chumba cha wagonjwa mahututi. (Moja ya dawa hizo, vincristine, asili yake ni lile ua dogo la rangi ya waridi linalomea kando ya kuta za nyumba zetu za pwani. Lilitoka Madagaska. Tumelikanyaga miaka mingapi?) Tena matibabu hayo si ya wiki mbili. Saratani ya damu inayowapata watoto wengi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Habari njema ni kwamba katika hospitali zenye dawa na vifaa kamili, watoto kama tisa katika kumi hupona. Lakini kupona kwenyewe kunapita katika mlango ule uliofungwa, na yule muuguzi aliyetuzuia ndiye aliyekuwa akimtunza.

Sasa sisi kwetu, kumjulia hali mgonjwa ni kufika. Usipofika, hukumjulia hali. Unaweza kutuma pesa, ukapiga simu kila jioni, na bado siku ya siku utaambiwa "lakini hukuja". Basi ukiambiwa usije, unafanya nini?

Jibu niliona mikononi mwa mtoto. Wiki nyingi baadaye, alipopata ruhusa ya kukaa nyumbani kidogo, baba yake aliniita nipite, nisimame pale kizingitini. Mtoto alikuwa kwenye kochi, kichwa hakina hata unywele, amejifunika blanketi la viraka lenye samaki wa buluu na vipande vya njano. Baba akaniambia alipewa na muuguzi wiki ya kwanza na tangu hapo halimtoki mkononi, mpaka mama yake inambidi alivizie usingizini ndipo alifue. Nikaomba nilitazame. Mzazi anatazama samaki, fundi anatazama upande wa ndani. Nikaligeuza pindo. Ulikuwa mshono wa mkono, hatua fupi fupi, zimelingana. Kwenye kona moja nikaona vitundu vidogo vya sindano visivyo na uzi: mtu alishona pale, hakuridhika, akafumua, akashona upya. Hapakuwa na jina lolote. Huyo mtu hamjui mtoto wala hatamwona, na kipande kile kingefichwa na mkunjo hata kama kingekuwa kibaya. Niliondoka pale nina swali moja tu: huyu ni nani?

Kumbe ni wengi. Mwaka 1995, huko Denver, Colorado, mwanamke mmoja aitwaye Karen Loucks alisoma kwenye jarida la Parade, mkesha wa Krismasi, habari ya mtoto mdogo anayetibiwa kwa kemo, ambaye blanketi lake ndilo lililomsaidia kustahimili matibabu. Karen akaamua kupeleka mablanketi 100 ya kutengenezwa kwa mkono katika kituo cha saratani ya watoto cha mji ule. Kazi hiyo ikaitwa Project Linus, kwa jina la Linus, yule mtoto wa katuni za Charles Schulz ambaye tangu mwaka 1954 hakuachana na blanketi lake, hata wenzake wakimcheka. Leo matawi yao yametapakaa Marekani nzima, na mablanketi waliyogawa yanahesabika kwa mamilioni. Kuna na wengine. Mwaka 2000, Pennsylvania, mpambaji wa nyumba aitwaye Linda Arye aliona sampuli za vitambaa vizuri zinakwenda jalalani kwa sababu tu toleo limepitwa na wakati, akaziokoa na kuanzisha Quilts for Kids. Huyu mama nampenda bila kumjua. Mtu anayeumia akiona kitambaa kinatupwa, huyo ni wa ukoo wangu.

Mtaniuliza kitambaa kinamfanyia nini mtoto. Daktari mmoja wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alilieleza jambo hili kwenye miaka ya hamsini mwanzoni. Alisema mtoto mdogo huchagua kitu kimoja laini kimsaidie kuvumilia mama anapokuwa hayupo. Si mama, lakini pia si kitu hivi hivi tu. Haya, nani hapa hakulala na leso, yaani kanga, ya mama yake? Mimi nililala na ya bibi. Mama akisafiri, ilikuwa akiacha leso aliyoivaa, haijafuliwa, na mtoto ananyamaza. Winnicott aliliandika, lakini bibi zetu walikuwa wameshalifanyia kazi.

Lipo na jingine ambalo nililiona mwenyewe nilipokwenda hospitali kupeleka mzigo pamoja na kina bibi wa kanisani ninaoshona nao. Chumba cha hospitali, kila kitu ni mali ya hospitali. Gauni la mgonjwa, shuka, mto, hata ile bangili ya mkononi yenye namba. Blanketi lile ndilo kitu pekee ambacho mtoto hatarudisha. Hapo ndipo nilipowajibu wale wanaoniambia, fundi, dukani blanketi ni dola kumi, unapoteza muda wako. Ni kweli. La kwangu la kwanza lilinichukua zaidi ya saa kumi na nne, na kwa bei yangu ya ufundi hakuna anayeweza kulinunua. Kibiashara ni hasara tupu. Nashukuru hakuna anayelinunua.

Kwetu, kwanza, neno kiraka lina aibu. Mwenye kiraka ni fukara. Lakini tulikuwa pia na neno mfarishi, nguo nene ya tabaka mbili yenye pamba katikati, iliyopigwa sindano huku na huku isisogee. Waliolisikia wainue mkono. Watatu! Na wote wana mvi. Basi hiki ndicho kitu chenyewe, mfarishi. Ndugu zangu wa Bukavu na Uvira kiiteni bulangeti mkitaka, sitagombana.

Kinashonwa hivi. Unakata vipande vya mraba, inchi 5 kwa inchi 5. Unaviunga vinane kwa vinane, ndiyo 64, na kila muungo unakula robo inchi kila upande. Ukimaliza una uso wa inchi 36 na nusu. Chini unatandika kitambaa kizima, katikati pamba, unapiga bandi tabaka zote tatu, kisha unashona kupita kote, halafu unazungushia utepe wa pindo. Robo inchi, jamani. Mimi, fundi wa miaka thelathini, niliacha nusu inchi, kwa sababu kwenye suruali lazima uache akiba, mteja akinenepa. Blanketi langu likapungua inchi tatu na nusu. Bibi mmoja wa miaka themanini na mbili akalipima, akanitazama juu ya miwani, akasema mtoto huyu hatanenepa, kaka, shona robo. (Kicheko.) Nilifumua yote.

Hilo halikuwa kosa kubwa. Kubwa lilikuwa la leso. Nilipenda blanketi langu la pili liwe na Mombasa ndani yake, nikakata leso mbili mpya, nyekundu na nyeusi, nikaziunga na kitambaa cheupe. Likapendeza mno. Blanketi lazima lifuliwe kabla halijatoka, na mwenye zamu ya kufua akaliingiza mashineni. Mnajua wenyewe leso mpya inavyochuja. Lilitoka waridi tupu, na mashuka mawili ya watu yaliyokuwa humo nayo yakawa waridi. Niliomba radhi wiki nzima. Tena bado kulikuwa na maandishi. Mimi nilikata mji na pindo, nikayaacha majina kando kwa makusudi, maana leso yenyewe ilikuwa imeandikwa HASIDI HANA SABABU, na huwezi kumfunika mtoto mgonjwa na mafumbo ya mawifi. Mwenzangu asiyejua Kiswahili akaona herufi zinapendeza, akaokota kipande, akakitia kona ya chini. Blanketi likabaki na HANA SABABU. Nilitaka kukifumua. Nikafikiri tena. Mtoto wa miaka minne mwenye saratani, kwa kosa gani? Hana sababu. Nikakiacha. Lile lililogeuka waridi halikutupwa, alipewa binti aliyependa waridi.

Masharti ya mablanketi haya ni makali, na mimi nayasifu. Blanketi liwe jipya, liweze kufuliwa, lisibaki na pini wala sindano, litoke nyumba isiyovutwa sigara, kwa ajili ya watoto wenye mzio. Sisi tunapitisha sumaku juu ya kila blanketi mara mbili. Siku moja ilinasa sindano. Chumba kizima kilinyamaza. Na wenye uvumba na udi nyumbani, nawaomba mfikirie hilo pia. Mimi nashonea gereji sasa.

Kwa watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati tunashona madogo, na wauguzi huyatandaza juu ya chombo cha kumtunzia mtoto kuzuia mwanga mkali. Lakini mtoto halazwi nayo: madaktari wa hapa hawataki blanketi kwenye kitanda cha mtoto asiyetimiza mwaka, akina mama mlisikie hilo. Wanaosahauliwa ni vijana. Mvulana wa miaka kumi na sita hataki dubu. Anataka kijivu, nyeusi, labda rangi za timu. Kwao kuna yale ya kitambaa kizito cha manyoya, hayashonwi, unakata tu kingo vidole vidole na kufunga mafundo. Kama fundi siyapendi, ni kama kufunga gunia. Vijana wanayapenda. Nimenyamaza.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wale kina bibi wa chumba cha chini cha kanisa hawajui neno moja la Kiswahili, na kila Jumanne wanapika uji huo kwa uzi, wanaupeleka mlangoni, wanaukabidhi na kuondoka bila kuuliza ni mtoto wa nani, wa dini gani, wa rangi gani. Mwanzoni hilo la kuondoka lilinishinda. Nilitaka kuingia, niseme pole, nionekane. Mara ya tatu au ya nne nilisimama kwenye maegesho yale yale niliyonung'unikia, nikajua ndani kuna mtoto amefunikwa na kitu nilichokishika kwa saa kumi na nne, na mafua yangu nimebaki nayo huku nje.

Mwenyekiti amesimama, nimeelewa. Cherehani zipo nne za ziada, mkasi kila mtu aje na wake. Tunaanza saa nne asubuhi, Jumanne. Wenye leso kuukuu, zile zilizokwisha kuchuja, ndizo ninazozitaka hasa. Na mpya zifueni kwanza, tena peke yake.