Hesabu ya Wati: Kuchagua Kompyuta Mpakato Nyepesi kwa Michezo na Safari

Ndugu wasikilizaji, wazazi mliofika pamoja na vijana wetu, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko.

Hapa mezani nimeweka mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, na juu yake iko kompyuta mpakato ya inchi 14 ambayo mimi husafiri nayo, ASUS ROG Zephyrus G14 ya mwaka 2024. Mizani inasoma kilo moja na nusu, kama tangazo lake linavyosema. Sasa naongeza chaja na waya wake, na mnaona wenyewe kwamba tumefika kilo mbili. Hiyo nusu kilo haiandikwi kwa herufi kubwa dukani, lakini ndiyo itakayokuelemea begani utakapokuwa unapanda basi alfajiri pale Mbezi. Ombi langu kwenu leo ni moja: kabla hamjauliza bei ya mashine ya namna hii, ulizeni wati zake.

Tuanze na kichakata michoro, yaani chipu inayochora picha za gemu, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Mashine niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa nyembamba sana, na kichakata chake kilikuwa na jina lile lile la kile kilichomo katika mashine ya mpwa wangu, ambayo ni nene kama tofali. Siku moja tulifungua gemu moja ya mpira, kwa mipangilio ile ile, tukaziweka mashine mbili ubavu kwa ubavu. Yake ilikwenda laini tangu mwanzo hadi mwisho, na yangu, ilipotimu kama dakika ya kumi, wachezaji wakaanza kukwamakwama uwanjani. Nilidhani nimeuziwa bandia, kumbe kila kitu kilikuwa halisi. Nvidia, kampuni inayounda vichakata michoro, huruhusu kile kiitwacho RTX 4060 cha kompyuta mpakato kipewe umeme wa kuanzia wati 35 hadi wati 115, kwa uamuzi wa kampuni inayounda mashine, na jina linabaki lile lile. Hii iliyopo mezani imepewa hadi wati 90, kiwango ambacho kwa mwili wa kilo moja na nusu nakiona kuwa cha heshima. Muuzaji asiyeweza kukutajia namba hiyo, mwombe akufungulie ukurasa wa vipimo wa mtengenezaji, nawe uisome mwenyewe.

Mtu atauliza kwa nini mtengenezaji aibanie chipu umeme. Sababu ni kwamba karibu kila wati inayoingia huishia kuwa joto, na joto hilo lazima litolewe na feni na mabomba ya shaba ambayo mwili mwembamba hauna nafasi ya kuyabeba mengi. Kichakata kikuu cha mashine kikikaribia ukomo wake wa joto, ambao kwa vingi ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue. Mashine iliyopimwa katika chumba chenye kiyoyozi itafanya kazi nyingine kabisa Tanga mwezi wa Februari, feni ya dari ikizungusha hewa ya moto na mashine imewekwa juu ya godoro la gesti. Godoro huziba matundu ya chini yanayovuta hewa, na huo ndio ukatili mkubwa tunaoufanyia vyombo hivi bila kujua. Mimi hubeba vizibo viwili vya soda katika mfuko wa chaja, nikaviweka chini ya pembe za nyuma ili hewa ipite, kisha katika gemu naweka kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Kelele ya feni hupungua papo hapo, na mkono hauungui tena juu ya kibodi.

Betri nayo ina hesabu yake. Hii ina wati-saa 73, yaani inaweza kutoa wati 73 kwa muda wa saa moja. Ikiwa gemu inakula wati 80 kwa mashine nzima, hata saa moja haifiki, na kwa kweli mashine ikiwa haijachomekwa hujibana yenyewe, hivyo mchezo hautakwenda kwa kasi uliyoizoea. Lakini ukiwa unaandika au unasoma kwa matumizi ya wati 10 hivi, utapata kama saa saba. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utacheza gemu nzito njia nzima ya kwenda Mwanza, na kile kitundu cha kuchajia simu kwenye kiti cha basi hakina nguvu ya kukusaidia.

Wasafiri wa ndege wana mpaka mwingine. Betri isiyozidi wati-saa 100 huruhusiwa bila kuomba kibali. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo abiria haruhusiwi kusafiri nayo. Ndiyo sababu mashine kubwa kubwa huandikwa wati-saa 99.9. Betri za akiba na pawabenki ni za mkononi tu, kamwe zisiwekwe katika begi linalokwenda chini ya ndege.

Kuhusu chaja, geuzeni kila moja msome maandishi madogo. Hii imeandikwa volti 20 na ampea 9, yaani wati 180, nayo inahitajika wakati wa kucheza. Hata hivyo mashine inapokea pia umeme kwa waya wa Type-C hadi wati 100, kwa hiyo nikienda safari ya kazi tupu huiacha kubwa nyumbani. Mashine nyepesi isiyo na uwezo huo mimi singeinunua, hata ingekuwa na punguzo la namna gani.

Kioo cha mashine hii kina nukta (pikseli) 2880 kwa 1800, ambazo ni mara mbili na robo ya zile za 1920 kwa 1200, na kila nukta inadai kazi na umeme. Katika gemu nzito naishusha idadi hiyo ya nukta. RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi, imechomelewa kwenye ubao, hivyo kiasi utakachochukua dukani ndicho utakachozeeka nacho. Gigabaiti 16 ni kima cha chini, nami ningejibana kwingine ili nipate 32. Plagi ya Dar es Salaam inaingia Nairobi, Kampala, Muscat na Dubai bila shida. Anayekwenda Ufaransa anunue ule waya wa chaja unaoingia ukutani, unaochomoka, wenye plagi ya huko, badala ya kubeba adapta.

Kwa mnaonunua zilizotumika, fungueni dirisha la amri la Windows, andikeni powercfg /batteryreport, kisha someni namba mbili: ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wake wa sasa. Yangu ilianza na miliwati-saa 73,000, yaani zile wati-saa 73, leo inasoma 61,000. Ripoti iko wazi hapa kwenye kioo, karibuni msogee muione.