Visu vya Kukunja vya Zamani: Msinitume vya Pembe za Ndovu

Habari zenu, watu wangu. Niko Buruburu kwa mamangu, kwa hivyo mkisikia honi za matatu mnisamehe. Nimekuja likizo, na kila nikifungua simu ni swali lile lile: "Bro, hivyo visu vya zamani ni vya nini, na utaniletea kimoja lini?" Acha nijibu, tuachane nalo.

Sijigambi. Kuna mtu ameandika eti pesa za Sheffield, kule Uingereza ninakoishi, zimeniwasha. Kisu hiki nilichoshika nilikipata kwenye mitumba ya Jumapili kwa pauni 25. Ni zaidi ya elfu nne, sikatai, lakini wewe raba zako za Gikomba zilikutoka ngapi? Na msinionee huruma pia, kazi ninayo.

Tazama hapa, bapa linapoingia mpinini. Hiyo nyota na msalaba ni alama ya Joseph Rodgers, watengenezaji visu wa Sheffield, iliyosajiliwa kwanza mwaka 1682. Mpini ni pembe ya kulungu. Sikiliza kikifunguka: tak! Kikifunguka kimya, springi imechoka, usinunue hata muuzaji akuapie. Chuma hiki kinashika kutu. Kile kisichoshika kutu Harry Brearley alikipata papo hapo Sheffield mwaka 1913, na wengi waliendelea na cha zamani. Ukikata embe kinafanya rangi ya samawati, na rangi hiyo ndiyo tunayoitafuta sisi. Jana mamangu amekichukua akakisugua na waya ya sufuria kikang'aa. Nimenyamaza tu. Utamwambia nini mama?

Sasa nyinyi mnaoniomba visu vya pembe za ndovu. Ni kweli, visu vingi vya Sheffield vilitiwa pembe, na ndovu wenyewe walitoka huku kwetu. Lakini Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kazi Juni 2022: kuuza pembe za ndovu ni marufuku, misamaha ni ya kuhesabu. Kitu cha kabla ya 1947 kinaruhusiwa kama pembe haifiki asilimia 10, na lazima ukisajili. Kisu ambacho mpini mzima ni pembe utakipitishia wapi hapo? Halafu nishuke nacho uwanja wa ndege wa JKIA, kwenye nchi iliyochoma tani 105 za pembe hadharani mwaka 2016? Sitaki kulala ndani kwa sababu ya zawadi yako.

Kutuma kwa posta nako nimekoma. Nilimtumia binamu kimoja cha kawaida kabisa, kikakwama kwenye ofisi fulani. Ushuru, VAT asilimia 16, halafu karani akataka barua ya kueleza "silaha" hii ni ya kazi gani. Silaha! Kisu cha kumenyea chungwa! Kila binamu akienda, mwenye faili hayupo. Ada ya kukihifadhi ikapita bei ya kisu chenyewe, na hadi leo binamu ananiona mimi ndiye mchoyo.

Kutembea nacho je? Kule Uingereza, kisu cha kukunja kisichojifunga (yaani bapa halijikazi likishafunguka), makali yasiyozidi inchi tatu, unaweza kukitia mfukoni bila kuulizwa sababu. Kikiwa cha kujifunga, uwe na sababu nzuri. Ndiyo maana kisu changu cha Opinel, chenye pete ya kukaza bapa, hakitoki nyumbani. Na kile kisu cha Okapi cha babu yako, aina iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, nacho kinajifunga, kwa hivyo ukikibeba kule bila sababu ni kesi.

Hapa Nairobi navyo vyote vinabaki kwenye sanduku. Askari wa mlango wa mall akikupitishia kile kidude chake kikalia, hutaanza kumweleza habari za 1682. Hayo ni yangu lakini. Kama wewe unatembea na chako, unajua mwenyewe unakoenda. Mimi si wakili. Video ya kunoa itakuja nikirudi kwenye Wi-Fi, maana bando za hapa zimenimaliza.