Kutoka Nguzo Mbili Hadi Kilomita Tano: Kukimbia kwa Kujiamini kwa Anayeanza

Karibu mtazamaji. Video ya leo ni ya mtu anayetaka kuanza kukimbia lakini moyo unasita. Pengine ulishajaribu: ukatoka nyumbani kwa kasi, kona ya pili kifua kikawaka moto, ukarudi unatembea, ukasema mambo haya yana wenyewe. Hayana wenyewe. Mara nyingi kinachomshinda anayeanza ni kasi, na kasi inarekebishika leo hii. Nitakuonyesha namna ya kujipa kazi ndogo, kuimaliza, na kurudi nyumbani ukiwa bado na nguvu. Ujasiri wa mkimbiaji unajengeka hapo, kwa kazi zilizomalizika, na ndiyo maana video nzima inahusu kazi ndogo.

Kwanza afya. Kama una presha, kisukari, pumu au tatizo la moyo, au umri umesogea na miaka mingi hujafanya mazoezi, muone daktari kabla ya kuanza. Na siku yoyote ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, usijikaze.

Hatua ya kwanza, raba. Sogea karibu uone hapa mezani. Hizi ni raba za mtumba, za aina unayoweza kuzipata soko la Karume, Dar es Salaam, au kwenye mnada wowote wa mtaani kwako. Mtumba mzuri unafaa kabisa, ila ukague. Zisimamishe juu ya meza, kisha uzitazame kwa nyuma, usawa wa macho. Hii ya kushoto imesimama wima. Hii ya kulia imelalia ndani, unaiona? Aliyeivaa kabla yako ameipinda, na ukiivaa itaupinda mguu wako. Iache. Sasa bonyeza soli kwa kidole gumba, hapa pembeni: ikibonyea na kurudi, bado ina uhai, ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi, imekwisha hata kama juu inang'aa. Kunja mbele, inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjikia, isikunjike katikati kama kandambili. Mwisho ivae na soksi, usimame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa sababu mguu huvimba kidogo ukikimbia. Ikikubana dukani, barabarani itakutoa kucha.

Hatua ya pili, chagua njia na uihesabu. Usianze na saa wala programu ya simu. Anza na nguzo za umeme. Tafuta barabara ya mtaa yenye nguzo, tambarare, isiyo na magari mengi. Ukilazimika kupita barabara ya magari, kimbia upande wa kulia, uyaone yanayokuja. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukikimbia kushoto gari linakujia mgongoni.

Kazi ya siku ya kwanza ni hii. Tembea haraka dakika tano, mwili upate joto. Halafu kimbia nguzo mbili, tembea nguzo mbili, kimbia mbili, tembea mbili, mpaka zitimie dakika ishirini. Malizia kwa kutembea taratibu. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na siku za katikati upumzike. Najua wengine mtasema nguzo mbili ni kidogo mno. Naomba ziwe kidogo. Anayeanza anahitaji kuikuta nguzo ya pili huku anaitamani ya tatu, na hamu hiyo ndiyo itakayomtoa kitandani Alhamisi.

Hatua ya tatu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotelea: kasi. Waliosoma shule zetu wanaukumbuka mchakamchaka wa asubuhi. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia, miguu inapiga chini pamoja. Ungeweza kuimba na kukimbia kwa sababu kasi ilikuwa ndogo. Basi hicho ndicho kipimo chako hata leo. Ukiwa unakimbia, sema sentensi nzima kwa sauti, au imba mstari mmoja wa wimbo unaoupenda. Ukiweza kuumaliza bila kukata pumzi katikati, kasi ni yako. Ukikatika, punguza. Ukipunguza na bado unakatika, punguza tena, hata kama anayetembea anakaribia kukupita.

Hili wala si jambo la wanyonge. Kule Iten, Kenya, mita zaidi ya elfu mbili juu ya usawa wa bahari, wanariadha wa kimataifa siku za mazoezi mepesi huanza kwa mwendo wa taratibu kiasi kwamba mgeni anaweza kukimbia nao dakika za mwanzo. Wanajua kasi ina siku yake. Wewe kwa sasa siku hiyo haijafika, na huidai.

Tazama mwili wangu ninavyokimbia taratibu. Hatua fupi, mguu unatua karibu na chini ya nyonga, haurushwi mbali mbele. Mabega yameshuka. Ngumi hazijakazwa. Macho yako mbele, si kwenye raba. Ukishikwa na kichomi cha ubavuni, tembea, vuta pumzi kwa tumbo, toa pole pole, kitaachia.

Sasa watu. Nasikia hili kila mara, hasa kwa dada zangu: "Watanitazama." Ni kweli, watakutazama. Wa bodaboda kijiweni atakuuliza, "Dada, unamkimbia nani?" Watoto watakufuata nyuma wakishangilia. Siku za mwanzo hilo linachoma kuliko kifua. Ninachoshauri ni hiki: pita njia ileile, saa ileile, na uwe wa kwanza kusalimia. "Za asubuhi, kaka?" Wazee wape shikamoo yao. Mtu uliyemsalimia hupata tabu kukucheka, na baada ya wiki chache kijiwe kitakuzoea, na siku usipopita watauliza ulikuwa wapi. Vaa unavyojisikia huru na kusitirika. Suruali pana, dera fupi juu ya tracksuti, hijabu ya kitambaa chepesi, vyote vinakimbilika. Na usalama ni jambo la kweli, si woga: kama mtaa wako una giza alfajiri, subiri kuche au tafuta mwenzako. Dar es Salaam mitaa mingi ina klabu za joging zinazotoka Jumamosi au Jumapili asubuhi na nyimbo zao. Nenda ujiunge, kaa nyuma, na waambie wazi kwamba wewe ni mgeni wa mbio. Watakupa mtu wa kwenda naye.

Hatua ya nne, daftari. Hili hapa, la kawaida la shule. Kila ukirudi, kabla hujaoga, andika mistari mitatu tu. Tarehe. Ulikimbia nguzo ngapi kwa mkupuo. Na jibu la swali moja: ningeweza kuendelea? Andika ndiyo au hapana, bila kujipendelea.

Kanuni ni hii: ukipata "ndiyo" mara tatu mfululizo, ongeza nguzo moja kwenye kukimbia. Usiongeze mbili. Nguzo za kutembea ziache zilezile mbili. Ukipata "hapana", baki hapo hapo. Ukipata "hapana" mara mbili mfululizo, rudi nguzo moja nyuma, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Mimi naipenda njia hii kwa sababu siku ukijidharau, daftari linakujibu. Unafungua nyuma unakuta mwezi uliopita nguzo mbili zilikutosha, leo uko nguzo sita. Huhitaji mtu wa kukutia moyo, mwandiko ni wako mwenyewe.

Nakuomba hapa uwe na subira, na kuna sababu ya kimwili. Moyo na mapafu huzoea mapema. Kano na mifupa huchelewa. Kwa hiyo baada ya wiki tatu au nne utajisikia mwepesi sana, utataka kuruka hadi nguzo kumi, na hapo ndipo ugoko unaanza kuuma. Misuli kuchoka siku ya pili ni kawaida. Lakini maumivu ya sehemu moja, ukibonyeza kwenye mfupa unaruka, au yanayokufanya uchechemee, hayo si ya kuyakimbiza. Pumzika siku kadhaa, na yasipoondoka nenda hospitali.

Mtazame Alphonce Simbu, kijana wetu wa Singida. Rio 2016 alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Olimpiki. London 2017 akaleta shaba ya dunia. Dhahabu ya dunia ikaja Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule na Mjerumani aliyemfuata, wakatenganishwa kwenye mstari kwa picha. Kati ya shaba na dhahabu ni miaka minane. Wewe na mimi hatushindwi kusubiri nguzo moja.

Siku mbaya zitakuja. Kwa watu wa Pwani, nyingi zinaletwa na joto. Wakati wa kaskazi hewa ina unyevu, jasho halikauki, na jasho lisipokauka halikupoozi, hivyo moyo unafanya kazi ya ziada kwa kasi ileile. Siku hiyo usijipime kwa nguzo. Toka alfajiri, punguza kasi, kunywa maji kabla na baada. Usingizi mdogo, siku za hedhi, mawazo, vyote vinaingia miguuni. Mwezi wa Ramadhani wengi hukimbia kidogo muda mfupi kabla ya futari, au usiku baada ya tarawehe, na wanabaki kwenye nguzo walizokuwa nazo bila kuongeza. Inatosha kabisa. Siku ukishindwa, badili kazi: vaa raba, tembea dakika ishirini, andika daftarini "nimetembea". Hiyo ni kazi iliyomalizika.

Hatua ya tano, dakika ishirini bila kutembea. Ukishafika nguzo kumi na mbili kwa mkupuo na umepata "ndiyo" zako tatu, chagua asubuhi yenye ubaridi, njia unayoijua. Anza polepole kuliko siku zote. Dakika ya nane au ya tisa kichwa kitakwambia simama. Sema sentensi yako kwa sauti. Ikitoka nzima, mwili unaweza, endelea. Ikikatika, punguza kasi lakini usisimame.

Hatua ya mwisho, mbio zako za kwanza. Tafuta za kilomita 5. Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ina kilomita 5 pamoja na zile ndefu, na mikoa mingi sasa ina mbio zake. Kwa wa Dar, kafanyie mazoezi Daraja la Tanzanite. Lina urefu wa kilomita moja hivi, lina njia ya waenda kwa miguu, na upepo wa baharini utakufundisha kitu: ukielekea Coco Beach unaweza kukusukuma kifuani, ukigeuka unakubeba.

Siku yenyewe, usivae kitu kipya, wala raba wala soksi. Kula chepesi saa mbili kabla, ndizi au kipande cha mkate na chai. Simama nyuma kabisa ya umati. King'ora kikilia, wote mbele yako watachomoka, na miguu yako itataka kuwafuata. Imba mstari wako. Waache waende. Kuanzia kilomita ya tatu utaanza kuwakuta wanatembea, mmoja mmoja, na ukimpita mtu mwambie, "Twende pamoja." Ukivuka mstari usisimame ghafla, tembea mpaka pumzi itulie, kunywa maji, chukua medali yako. Pumzika siku mbili tatu, kisha siku yako ya kawaida ikifika toka tena, kwa nguzo chache kuliko ulizozoea.