Kasi Yangu Siijui: Mkenya wa Pwani Kwenye Vilima vya Peak District

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Wa Mombasa, wa Lamu, wa Tanga, na nyinyi wa Maskati mnaotazama baada ya kazi, karibuni.

Leo najibu swali moja. Kila nikiweka picha nimevaa viatu vya kukimbia, mwaniuliza: "Dada, kilomita kumi wamaliza kwa dakika ngapi?" Jibu ni kwamba sijui. Si maringo, sijui kweli. Saa yangu nikifika mlimani naivua naitia mfukoni, na tangu nianze kufanya hivyo ndipo nilipoanza kuona raha ya kukimbia.

Lakini muelewe kwanza masaibu ya Mkenya ughaibuni. Ukitamka tu kwamba watoka Kenya, Mwingereza anakutazama miguu. Mimi hapa Sheffield, Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee, na hakuna mzee ambaye hajaniuliza kama namjua Eliud Kipchoge, yule bingwa wetu wa marathoni. Jamani, mimi mtoto wa Majengo, Mombasa! Nimekulia usawa wa bahari, kwa mahamri na mbaazi, na mbio nilizozijua ni za kuwahi matatu. Iten, kule mlimani wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wetu, sijafika hata kwa matembezi. Kwa hiyo nilipokuwa nakimbia barabarani hapa mjini, nilikimbia na aibu. Mtu akinipita, najihisi nimeiangusha nchi nzima. Bibi mmoja wa makamo alinipita akisukuma gari la mtoto. Nikarudi nyumbani kwa basi.

Mlima ukanifutia deni hilo, yaani vilima vya Peak District hapa jirani na Sheffield, na si kwa sababu huku nina kasi zaidi. Huku kasi haina maana. Mskochi mmoja, William Naismith, mwaka 1892 aliandika kanuni ya watembea milima ambayo hadi leo watu waitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha kwa kila mita 600 unazopanda ongeza saa nyingine. Maana yake, kila mita 100 za kupanda zina bei yake, dakika 10. Sasa chukua kilima cha Win Hill. Kutoka stesheni ya treni ya Hope hadi kileleni wapanda karibu mita 300. Kwa mtembeaji hiyo ni nusu saa imeondoka, hata kabla hujahesabu matope, mageti ya kondoo na upepo. Sasa ukiniuliza dakika ngapi kwa kilomita, nitakuuliza: kilomita ipi? Ile ya kupanda, ile ya kinamasi, au ile niliyosimama kula tende?

Niwaeleze njia yangu niipendayo. Napanda treni Sheffield, na chini ya nusu saa nashuka Hathersage, kijiji kidogo cha mawe. Kutoka hapo napanda mdogo mdogo kupita mashamba ya kondoo hadi Stanage. Stanage ni ukingo wa mwamba, urefu wake karibu kilomita 6, umekatika upande mmoja kama ukuta, na juu yake kuna njia. Kushoto mwako mwamba umeishia hapo, bonde lote liko chini. Kulia ni nyika tupu, vichaka vifupi vya magotini ambavyo mwezi wa Agosti vinachanua vyote zambarau kwa pamoja. Chini ya ukingo utaona mawe ya kusagia, ya duara, makubwa, yamelala kwenye majani. Watu walikuwa wakiyachonga hapo kwa mwamba huohuo, biashara ikafa, wakayaacha yalivyo. Mengine yamekamilika kabisa, tundu la katikati limeshatobolewa, na hayakwenda popote.

Juu pale sikimbii sana kwa maana mnayoijua nyinyi. Jiwe lina ukwaruzo, likiwa kavu kiatu kinashika vizuri, lakini kati ya jiwe na jiwe kuna madimbwi ya udongo mweusi yasiyo na adabu. Unadhani ni kina cha kifundo, kumbe ni goti. Kwa hiyo macho yako yako hatua tatu mbele, na akili haina nafasi ya kufikiria kodi ya nyumba wala zamu ya usiku. Nikiteremka ndipo napenda zaidi. Ni kama tulivyokuwa tukirukaruka juu ya mawe ya pwani maji yakikupwa: hukanyagi kwa nguvu, wagusa tu na kuondoka, mikono imetanuka, na ukisita ndipo unapoanguka. Huwa nacheka peke yangu. Kondoo wananitazama.

Halafu kuna kutembea. Hili nalitia mkazo, kwa sababu wengi mwaliona ni kushindwa. Kwenye mbio za milimani kutembea ni sehemu ya mchezo. Mlima ukisimama sana, hata mabingwa wanaweka mikono magotini na kutembea kwa hatua ndefu, maana pale kukimbia kunachoma nguvu bila kukufikisha mapema. Nilipoyaona haya, nikashusha pumzi. Mimi hutembea kila kilima, na tena bila kuomba radhi.

Na mabingwa wetu wapo pia, msije mkadhani Kenya ni lami na uwanja pekee. Lucy Wambui Murigi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na tena 2018. Patrick Kipngeno naye alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima mwaka 2022 na 2023. Nyumbani wangapi wawajua? Wazee wangu wa kazini nimewafundisha majina hayo, sasa Kipchoge amepata kupumzika.

Kina mama, hii ni yenu. Kutoka bonde la Edale, hapo jirani tu, kila Januari huanza mbio za zaidi ya kilomita 420 kwenda hadi mpakani mwa Uskochi, kwenye baridi na giza. Mwaka 2019 aliyezishinda ni Jasmin Paris, daktari wa wanyama, kwa saa 83, akiwatangulia wanaume wote. Alikuwa na mtoto anayenyonya nyumbani. Kwenye vituo vya njiani alikuwa akikamua maziwa yake, kisha anaendelea. Mimi nikipungukiwa usingizi saa mbili nakuwa sisemezeki.

Sitaki kuwa yeye, tusielewane vibaya. Nataka nishuke na miguu yangu miwili na njaa nzuri.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nyumbani lazima litamshangaza: ardhi hii napita bure, wala hakuna askari wa geti. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani vilima hivi vilifungwa na matajiri waliofuga ndege wa kuwinda, na wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield, ambao Jumapili ndiyo siku yao pekee ya kupumua hewa safi, walifukuzwa na walinzi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia yao, wakiongozwa na kijana aitwaye Benny Rothman, walipanda mlima wa Kinder Scout, mmoja wa hiyo iliyofungwa, kwa makusudi, mchana kweupe. Vijana watano wakafungwa jela. Mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, na sheria ya mwaka 2000 ikampa kila mtu haki ya kupita kwa miguu kwenye nyika za wazi, hata nje ya njia. Sheria haikuuliza mtu ana pasipoti ya rangi gani. Sisi wa pwani, tunaojua maana ya ufuo kuzungushiwa ukuta, hilo tunalielewa bila mkalimani.

Mmeniuliza pia kama naogopa, mwanamke mweusi na mtandio wangu, peke yangu huko juu. Niwaambie kitu cha ajabu. Mjini Sheffield unaweza kukaa kituo cha basi na mtu nusu saa asikusemeshe. Mtu huyohuyo mkikutana mlimani anakusabahi, anakuambia mbele kuna matope, anamshika mbwa wake upite. Sijui ni upepo au nini. Ninachoogopa mimi ni ukungu. Ukungu ukishuka, dakika chache tu nyika yote inakuwa rangi moja. Kwa hiyo mkoba wangu mdogo una koti la mvua, ramani ya karatasi, dira, chakula cha ziada na filimbi. Filimbi si mapambo: ukiwa na shida unapuliza mara sita ndani ya dakika, unanyamaza dakika moja, unarudia. Simu ikishika, unapiga 999, unaomba polisi, kisha waokoaji wa milimani, na hao ni watu wa kujitolea wanaoacha chakula mezani kuja kukutafuta. Na ukirudi nyumbani, kagua miguu, nyuma ya magoti hasa, kupe wa huku wengine wana ugonjwa.

Haya, nyinyi mlioko nyumbani. Nairobi mna msitu wa Karura, una njia zake zilizowekewa alama, na mna vilima vya Ngong, ila kule nendeni kwa kundi au na askari wa misitu. Tanzania, aliye karibu na Lushoto ana njia za miguu kijiji hadi kijiji ambazo mtu wa Sheffield angelipa fedha kuzikimbia. Mombasa milima hatuna, lakini angalieni saa za maji, yakikupwa mpite mchanga ule mgumu wa Nyali, na vaeni viatu, mawe ya bahari yanakata.

Video ijayo nitawaonyesha viatu vyangu vya soli yenye meno, na bei yake, mshike vifua. Na aliyeko Nairobi aniandikie hapo chini ni geti gani la Karura ambalo matatu inashusha karibu, maana Desemba nakuja likizo na nataka nikimbie kule asubuhi. Mamangu nimemwalika. Amesema atanisubiri kwenye chai.