Leo Tena Ile Picha

Nimeulizwa hapo mlangoni, "Mwalimu, leo tena ile picha?" Leo tena. Na mwakani nikijaaliwa uhai.

Mnaiona ukutani. George Catlin, mchoraji wa Marekani, aliichora kati ya 1846 na 1850, akiwa Ulaya, kwa yale aliyoyashuhudia kwenye mchezo wa mpira wa Wachoktaw, wenyeji asilia wa Marekani, mwaka 1834. Mpira umerushwa juu, uwanja umegeuka msitu wa fimbo. Kila mchezaji ana mbili, zenye kijikombe cha kamba nchani cha kudakia. Mkono haugusi mpira. Miguu mitupu, na kiunoni mkia wa singa za farasi.

Kila nikiionyesha, hakosi mtu wa kusema, "Hawa wanapigana." Zamani nilikuwa nakasirika. Sasa namuuliza: vita gani hivyo vya kuhesabu mabao mpaka 100? Catlin ameandika kwamba usiku wa kuamkia mchezo wazee wanne walikaa pale mpira utakaporushwa, wakivuta kiko na kumwomba Roho Mkuu awajalie waamue bila upendeleo. Marefa wetu wa Jumapili wangejifunza hapo, lakini tuyaache hayo. Mtasema watu waliumia. Waliumia, tena sana. Wenyewe huuita mchezo huu mdogo wake vita. Mdogo wake, jamani, siyo vita yenyewe!

Halafu dau. Waliocheza kamari hasa ni wanawake: visu, magauni, mablanketi, masufuria, mbwa, hata farasi na bunduki, vyote chini pamoja, vikilindwa mpaka asubuhi. Hapo ndipo wasikilizaji wangu hucheka.

Mkimaliza kucheka, tazameni mwaka. Mkataba wa Dancing Rabbit Creek, uliowanyang'anya Wachoktaw nchi yao, ulitiwa saini 1830. Kuanzia 1831 hadi 1833 maelfu yao walihamishwa kutoka Mississippi, jimbo la kusini mwa Marekani, wakapelekwa magharibi. Baridi, njaa na kipindupindu vikawamaliza wengi njiani. Catlin anawakuta huko ugenini 1834. Mama aliyenyang'anywa nchi juzi, leo anaitoa sufuria yake aiweke dau, kwa kuwa anaiamini timu ya kwao. Sufuria hiyo ndiyo inayonirudisha hapa kila mwaka, siyo rangi.

Rangi nilikuwa nazo kurasa mbili, ila mwenyekiti ameshanyanyua saa. Basi moja tu: wako waliobaki Mississippi, na wajukuu zao wanaucheza hadi leo, kila Julai kwenye maonyesho yao. Haya, washeni taa. Picha msiizime.