Anayekupa Tarehe ya Yesu Kurudi, Mkimbie

Haya kaeni, na simu zimeni kidogo. Najua mmechoka kunisikia na neno hili ila asubuhi tena kuna mtu kanitumia meseji, ati mwaka wa mwisho wa dunia ushajulikana. Tena? Sisi watu wa Malindi ndio wa kuletewa tarehe?

Chukueni William Miller. Huyu hakuwa tapeli, alikuwa mkulima tu huko Marekani, Mbaptisti, Biblia anaisoma kwelikweli. Akashika Danieli 8:14, zile siku 2300 akazifanya miaka, akapiga hesabu ikamtolea 1843 hadi 1844. Muda ukapita. Wenzake wakapiga upya, sasa ikawa Oktoba 22, 1844, na watu wakaamini kabisaa, kuna walioacha viazi shambani, si kesho uko mbinguni, uvune uvipeleke wapi? Wakakesha. Kukapambazuka jua lile lile, watu wazima wakalia. Waadventista wametokana na kundi hilo na wao wenyewe hawaweki tarehe tena, walishaonja. Halafu 2011 kaja Harold Camping, mhubiri wa redio Marekani, akasema Yesu anarudi Mei 21, mabango mpaka barabarani, ikapita akasogeza Oktoba 21!

Mtasema hayo ya wazungu. Shakahola je, ya wazungu? Kaunti yetu hii hii ya Kilifi, 2023, waumini waliodaiwa kuambiwa wafunge chakula mpaka wafe ili wakamwone Yesu, miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni, na watoto wamo. Kesi iko kortini siigusi, naligusa andiko. Paulo kawaambia Wathesalonike asiyetaka kufanya kazi asile. Kwa hiyo anayefanya kazi ANAKULA! Na Luka 19:13, fanyeni biashara hata nitakapokuja. Mvuvi ashushe mashua, mama wa mahamri akande unga, mtoto aende shule, akija Bwana atukute hapo.

"Na ishara mchungaji, vita, matetemeko?" Mathayo 24:6 soma mpaka mwisho, pale pale Yesu anasema ule mwisho bado. Huduma Namba, ule usajili wa serikali wa 2019, mliniambia ni 666, namba ya mnyama wa Ufunuo, ikapita, ikaja namba nyingine ya serikali, Maisha Namba, mnyama hajaonekana hata Kilifi mjini.

Mambo ya kunyakuliwa, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, kama ni kabla ya ile dhiki kuu ya siku za mwisho au baada, nilikuwa nayo mengi ila akina mama jikoni washaanza kuniangalia vibaya. Someni 1 Wathesalonike 4 nyumbani, Paulo anamalizia farijianeni, hajasema tishaneni.

Maswali sasa. Mwenye tarehe asinyooshe mkono.